Maji ya Kupeleka Maabara

Chupa ya kumi na nane ililetwa na kinyozi, naye hakubisha hodi. Aliiweka kwenye ngazi ya mlango, akaipanga sawasawa na zile kumi na saba zilizotangulia, kisha akasimama mikono nyuma kama mtu aliyeleta posa.

"Shemeji," alisema, "nimebandika karatasi hapo, nimeandika Kinyozi. Fundi asije akasema hajui imetoka wapi."

"Imetoka bwawani, kama zote."

"Imetoka bombani kwangu. Jana nimemwosha mteja kichwa, akaondoka ananuka kinamasi. Ananiuliza, hii shampuu gani?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ni ya mitishamba. Ningemwambia nini?"

Mke wa fundi wa pampu aliweka chini ungo wake, akaitazama chupa. Mji mzima ulimwita Shemeji, maana mji mzima ulimchukulia mumewe kama ndugu siku maji yakitoka, na kama mshtakiwa siku yakikataa. Wiki hii ya tatu maji yalikuwa yanatoka, ila yalitoka kijani. Si kijani cha jani. Kilikuwa kijani kizito cha rangi ya kupaka milango, na ukiyaacha kwenye ndoo hadi mchana yanajitenga: juu utando kama wa maziwa yaliyopoa, chini maji ya manjano yenye vipunje vinavyopanda na kushuka.

Wa kwanza kuleta chupa alikuwa mama wa mgahawa, aliyeshindwa kuwashawishi wateja kwamba chai yake haijaoza. Baada yake watu walifuata bila kuambizana. Ofisi ya maji ilikuwa mji mkubwa, nusu siku kwa gari. Ngazi ya Fundi ilikuwa hapa hapa, na haikuwa na karani wa kukuuliza una miadi na nani.

"Sasa mimi hizi chupa nizifanye nini?" Shemeji aliuliza.

"Hizo ni za kwenu," kinyozi alisema. "Sisi tumeshafanya yetu."

Nyumba yao ilikuwa ya mtambo: vyumba viwili, bati, na dirisha linalotazama bwawa. Kutoka hapo ungeweza kumwona Fundi kwenye birika la chujio, suruali imekunjwa hadi magotini, akipakua mchanga kwa koleo na kuusuuza. Zamani mchanga ule ulioshwa mara moja kwa wiki. Sasa aliuosha mara mbili kwa siku, na saa moja baadaye ukoga ulikuwa umeuziba tena kama ugali ulioganda sufuriani. Alirudi nyumbani na vidole vilivyonyauka, vyeupe, vya mtu aliyezama.

Alizikuta chupa, akazihesabu kwa kidole.

"Kumi na nane," alisema. "Jana zilikuwa kumi na mbili. Na mimi barua nimeandika saba. Unajua wamenijibu nini?"

"Barua yako imepokelewa."

"Barua yako imepokelewa, inafanyiwa kazi. Saba zote. Hata mwandiko ni ule ule." Alikaa kwenye ngazi kati ya chupa ya mama wa mgahawa na ya fundi cherehani. "Hao watu wa maabara kila mwezi wanachukua maji hapa. Kila mwezi. Hivi wanayatazama au wanayanywa?"

Shemeji alimletea maji ya mvua ya kunawa. 

*

Jumapili asubuhi alikuja Mama Maziwa, na yeye hakuleta chupa. Alileta kamba mbili za ng'ombe, bado zina manyoya ya shingoni. Aliziweka kwenye ngazi juu ya vifuniko vya chupa, kimoja kikaanguka na kubingirika uani.

"Huyu alikuwa anatoa lita kumi," alisema, akigusa kamba ya kwanza. "Huyu alikuwa na mimba."

Mama mkwe wake Shemeji, aliyekuwa ameketi kibarazani akianika miguu yake juani, alisema pole. Mama Maziwa hakuipokea.

"Wamekunywa pale ukingoni jana mchana, pale ukoga umesukumwa na upepo. Kabla ya jua kuzama wote wawili wako chini, wanatetemeka, mate yanatoka. Nimewafuga miaka sita kwenye bwawa hili. Miaka sita wanakunywa hapo hapo. Fundi yuko wapi?"

"Yuko kwenye mchanga," Shemeji alisema.

"Ijumaa watu wamemwona ukingoni na pipa. Alikuwa anamwaga dawa gani?"

"Si dawa, mama. Alikuwa anasuuza mchanga. Dawa inawekwa kwenye tangi tu, kijiko kwa kipimo."

"Mwanangu," Mama Maziwa alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Shemeji, kwamba hakupiga kelele, "mimi sikuja kubishana na wewe. Nimeshapiga simu yao ya dharura. Wameniambia Jumatatu anakuja mhandisi. Barua saba za mumeo hazikumleta. Ng'ombe wangu wawili wamemleta."

Akaondoka. Kamba aliziacha.

*

Mhandisi alikuja Jumatatu saa nne, na gari la ofisi, na dereva yule yule aliyekuwa akija kila mwezi kuchukua chupa za maabara. Alikuwa kijana bado, viatu vyake vizuri, na alizikwepa chupa za ngazini kwa kunyanyua miguu kama mtu anayevuka watu waliolala. Alipewa kiti chenye mto. Shemeji alileta chai ya maji ya mvua, ya tangawizi, kwenye vikombe vya wageni.

"Asante, mama," Mhandisi alisema. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya maji ya dukani ambayo haijafunguliwa, akaifungua, akanywa.

"Chai ni ya maji ya mvua," Shemeji alisema.

"Naamini, mama. Naamini kabisa."

Kikombe kikakaa pale mezani kikitoa mvuke. Fundi alikitazama kile kikombe, akatazama pembeni. Alikuwa amevaa shati lake la mikono mirefu, lenye vifungo hadi shingoni, na nywele zake bado zilikuwa na mchanga.

Mhandisi alitoa faili. "Nitasoma kidogo tu, tuelewane. Maji ghafi, yaani ya bwawani kabla ya kusafishwa. Mwezi wa tatu: tope, hakuna. Ukoga, hakuna. Mwezi wa nne: tope, hakuna. Ukoga, hakuna. Mwezi wa tano, hivyo hivyo. Wa sita. Wa saba. Inaendelea hadi mwezi uliopita. Miezi minane."

"Haiwezekani," Fundi alisema.

"Mimi nasoma tu."

"Barua ya kwanza nimeandika mwezi wa tatu. Nimesema maji yameanza kugeuka. Ya pili nimesema mchanga unaziba. Ya nne nimesema samaki wadogo wanaelea."

"Barua zako ninazo. Ziko hapa, zimepangwa vizuri." Mhandisi alizigonga kwa kalamu. "Lakini hii karatasi ya maabara ina muhuri. Barua yako haina muhuri. Sasa wewe ungekuwa mimi, ungekaa na ipi?"

Fundi alielekeza kidole dirishani. Bwawa zima lilikuwa pale, kijani toka ukingo hadi ukingo, na ndege mmoja akitembea juu ya ukoga kana kwamba ni zulia. "Na hilo hulioni?"

"Ninaliona. Ila sikuja na macho peke yake, nimekuja na faili." Akafunga faili. "Hesabu ni rahisi, Fundi, wala sio mimi niliyeitunga. Kama maji yalikuwa safi miezi minane, na kwa ghafla yamebadilika, na ng'ombe wamekufa, na watu wamekuona na pipa, basi ofisini wanasema kilichobadilika ni mkono wako. Alhamisi nitazungumza na wananchi ukumbini. Kama hakuna maelezo mengine, utakabidhi funguo za mtambo siku hiyo hiyo. Nyumba, mwisho wa mwezi."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alikuwa amesikia miezi minane ya "ukoga, hakuna", na kila mwezi uliotajwa sinia lilizidi kuwa zito. Dereva, aliyeegemea gari nje, alimwona akampungia mkono kwa furaha, kama siku zote.

*

Ilianza hivi. Mwezi wa tatu Dereva alikuja mapema na sanduku la chupa sita za maabara. Fundi alikuwa ndani ya birika la mchanga hadi kiunoni. Akapaza sauti kutoka huko, "Mke wangu, nisaidie, chota tu ukingoni, ujaze, ufunge." Naye akaenda.

Zilikuwa chupa nzuri. Za kioo kizito, na vifuniko vya buluu, na kila moja ilikuwa na karatasi iliyobandikwa, iliyopigwa chapa jina la mtambo na jina la mumewe. Alizamisha ya kwanza, akainyanyua juani. Ndani vilikuwa vinaogelea vipunje vya kijani na nyuzi nyuzi, kama mate ya mgonjwa. Alitazama vile vipunje, akatazama jina la mumewe. Akaona watu wa mji mkubwa, wenye makoti meupe, wameishika ile chupa na kuulizana, huyu fundi ana mke kweli?

Akaimwaga. Akaenda ndani akachukua kitambaa cheupe.

Kitambaa hicho kilikuwa na historia yake. Ndicho walichochujia uji wa baba mkwe katika miezi yake ya mwisho, koo lake lilipokuwa halipitishi hata chembe. Mama mkwe alimfundisha: kunja mara nne, mimina taratibu, usikamue. Tangu mzee azikwe, kilikuwa kimekaa kabatini, kimekunjwa, hakina kazi. Alikikunja mara nne. Akachuja. Maji yakatoka na ukungu kidogo wa kijani, akachuja mara ya pili. Yakang'aa.

Dereva alipozipanga sandukuni alipiga mluzi. "Shemeji, nimezunguka mitambo kumi na moja. Maji yako ndiyo yanayong'aa kuliko yote."

Siku ile alishinda ana furaha. Alipika huku anaimba. Na mwezi uliofuata Dereva alipokuja, alikuwa ameshakiloweka kitambaa, kinamsubiri.

*

Jumatatu ile, gari la Mhandisi lilipoondoka, alimwambia kwanza mama mkwe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa chake.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho huku anamenya viazi. "Mara nane?" aliuliza.

"Mara nane, chupa sita sita."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kuchuja."

"Ulinifundisha uji, mama."

"Uji, maji, vyote vinapita kooni." Alikata kiazi vipande viwili, akavitazama kana kwamba kimoja kitasema. "Nyamaza. Watu wakigombana kwa karatasi, wewe usiingize kitambaa. Aibu ya nyumba haianikwi kwenye kamba ya nje."

"Wanamfukuza, mama. Wanatufukuza. Utakwenda kuota jua kibaraza cha nani?"

"Watasema mwanangu amesalitiwa na mkewe."

"Watasema hivyo. Ni kweli pia."

Mama mkwe aliendelea kumenya. Vilihitajika viazi vya watu watatu, naye alimenya vya watu kumi.

Kisha akaenda kwa mumewe. Fundi alikuwa ndani ya birika, koleo mkononi, na harufu pale ilikuwa ya yai bovu na majani yaliyooza. Shemeji alisimama juu ya ukuta wa birika.

"Nimechuja," alisema.

"Nini?"

"Maji ya maabara. Nilikuwa nayachuja. Kwa kile kitambaa cha baba."

Fundi aliinua uso. "Umechuja maji ghafi?"

"Mara mbili."

"Mara mbili kwa nini?"

"Ya kwanza yalibaki na vumbi la kijani."

Koleo likaanguka. Fundi akaketi juu ya mchanga uliolowa, na suruali yake ya kazi, hadi kunguru aliyekuwa kwenye bomba akaona pako salama akashuka. Kisha akaanza kucheka, kicheko kisichokuwa na furaha hata kidogo.

"Miezi minane," alisema. "Miezi minane nawatukana watu wa maabara. Nimewaita vipofu. Nimewaita walevi. Barua ya sita nimeandika, kwa heshima na taadhima, naomba watumishi hao wapimwe macho. Kumbe mimi naosha mchanga huku, na chujio liko nyumbani linanipikia."

"Nilikuwa naona aibu. Jina lako lilikuwa kwenye chupa."

"Jina langu." Alipangusa uso, akajipaka mchanga. "Ukisema ukumbini watakucheka mpaka unazeeka."

"Nisiposema utakabidhi funguo."

"Nitatafuta kazi nyingine."

"Ya nini? Kuna mtambo mwingine hapa mjini? Au utakuwa kinyozi?"

Fundi aliinuka. Aliokota koleo. Hakumwambia aseme, wala hakumwambia asiseme. Alichota mchanga, akausuuza, na maji yaliyotoka yalikuwa kijani vile vile. Siku mbili baadaye alikuwa bado hajamwambia neno ila "nipitishie chumvi."

*

Alhamisi ukumbi wa shule ulijaa mapema. Watu walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Shemeji alipokuwa anafunga mlango wa nyumbani, mama mkwe alimwita, akampa kitambaa. Alikuwa amekipiga pasi. Doa la kijani lilikuwa katikati pale pale, mviringo, kubwa kama sahani. Sabuni haikulitoa, majivu hayakulitoa, jua halikulitoa.

"Kama unakwenda kuaibika," mama mkwe alisema, "usiende na kitu kilichokunjamana."

Ukumbini Mhandisi alisoma faili. Alisoma mwezi wa tatu hadi mwezi uliopita, na kila aliposema "ukoga, hakuna" watu waliguna. Mama Maziwa alisimama akaeleza habari ya ng'ombe wake, kwa kifupi, kisha akakaa. Fundi alikuwa mbele kabisa, funguo za mtambo ziko mapajani, zimefungwa kwa waya.

"Kuna mwenye neno?" Mhandisi aliuliza, na mkono wake ulikuwa tayari unafunga faili.

Shemeji alipita katikati ya madawati na kikapu. Alitoa bilauri ya kioo, akaiweka juu ya meza ya mwalimu. Akatoa chupa moja ya zile za ngazini.

"Hiyo ni yangu," kinyozi alisema kutoka nyuma.

"Ni yako. Nimeiazima." Akakunja kitambaa mara nne, akakilaza juu ya bilauri, akamimina. Hakukamua. Maji mazito ya kijani yalizama katika kitambaa, na chini yakaanza kudondoka, tone, tone. Akayachuja tena. Kisha akainua bilauri kwenye mwanga wa dirisha. Ungeweza kusoma gazeti kupitia maji hayo.

"Maji ya maabara nilikuwa nachota mimi," alisema. "Miezi minane. Hivi ndivyo nilivyofanya kila mara kabla ya kumpa Dereva. Mume wangu hakujua. Barua zake ni za kweli. Ya uongo ni hii bilauri."

Kisha mtu mmoja akacheka, halafu wa pili, halafu madawati yote yakaanza kutikisika. "Shemeji kawachujia serikali," sauti moja ilisema. Nyingine ikasema, "Mwiteni Chujio," na jina likashika hapo hapo, kama moto kwenye nyasi kavu. Dereva, aliyekuwa mlangoni, alivua kofia akaficha uso.

Mhandisi hakucheka. "Mama," alisema, "kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Ni maji ya bwawa."

"Mgeni akija kwako unampa maji yenye takataka? Wewe mwenyewe Jumatatu chai yangu hukuinywa."

Kicheko kikapungua. Mhandisi akatazama chini, akapanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mama Maziwa ndiye aliyesimama akaja mezani. Alikishika kitambaa, akakifunua. Katikati kulikuwa na tope la kijani linaloteleza, nene kama siagi. Akalinusa. Akalisogeza mbali na uso.

"Hiki ndicho kilichokuwa pale ukingoni," alisema.

"Ndicho, mama."

"Ng'ombe wangu hawakuwa na kitambaa," Mama Maziwa alisema, na akarudi kukaa.

Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Mhandisi alimwambia Fundi aeleze, kama anaweza, kwa ufupi. Fundi hakuwa msemaji. Alisimama, funguo zikalia.

"Ukoga ni mmea," alisema. "Kama mboga. Ukiupa mbolea unastawi. Huko juu mashamba makubwa yanamwaga mbolea, mvua inaileta. Machinjio yanaosha damu, inakuja. Mabwawa ya maji taka yamejaa tangu mwaka juzi, yanafurika, yanakuja hapa hapa. Bwawa linalishwa kuliko tumbo lake. Limevimbiwa. Ukoga unazaana, unakufa, unaoza, unamaliza hewa ya samaki, na mwingine una sumu. Ndiyo niliyoandika kwenye barua ya pili. Na ya tano."

"Hata bustani ya mkeo iko ukingoni," mtu alisema. "Na mbolea anatia."

"Natia," Shemeji alisema. "Kikombe kwa kila tuta. Nani hapa hatii?"

Watu wengi walivutiwa ghafla na sakafu.

"Tangazo la kuchemsha maji limeshachapwa," Mhandisi alisema. "Mtabandikiwa kesho."

"Kuchemsha hakuondoi sumu hii," Fundi alisema.

"Ninajua."

"Sasa tangazo la nini?"

"Limeshachapwa," Mhandisi alisema tena, kwa uchovu, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu ambaye naye ana mtu wa juu yake.

Funguo hazikukabidhiwa. Fundi alipewa onyo la maandishi kwa kumruhusu asiyekuwa mtumishi kugusa chupa za serikali. Mama Maziwa aliambiwa ajaze fomu, na fomu zilikuwa zimekwisha.

Jioni ile Fundi alikaa mezani, akasogeza kikombe mbele ya mkewe. "Nipe chai," alisema. Kisha, baada ya kufikiri, "Bila kuchuja." Majani ya chai yalimkwama kwenye meno, akayatema pembeni bila kulalamika, na mama mkwe akatazama ukutani ili wasimwone anavyotabasamu.

*

Mwezi ulipoisha Dereva alikuja na chupa sita. Safari hii fomu ilisema lazima zijazwe na mtumishi. Fundi alipanda kutoka kwenye mchanga, akachota ukingoni, akafunga. Zilikuwa kijani kama milango sita.

Dereva alizitazama. Hakupiga mluzi. Alijikuna shingo, akamsogelea Shemeji pale uani alipokuwa anafagia.

"Chujio," alisema, "samahani, Shemeji. Kuna neno nimetumwa. Si la Mhandisi, la juu zaidi. Wanasema chupa hizi zikifika hivi, itabidi mashamba ya juu yaandikiwe, machinjio yafungwe, na wenyewe ni watu wakubwa. Kelele itakuwa nyingi. Basi wanauliza, eti, kama kile kitambaa bado kipo."

Fundi alikuwa amesimama na koleo. Alimtazama mkewe, akasubiri.

Shemeji aliweka ufagio. Aliingia ndani, na Dereva akaanza kutabasamu kwa nafuu. Lakini alipotoka alikuwa amebeba sanduku la mbao, na kitambaa kilikuwa bado kwenye kamba ya nje, kimeanikwa, na doa lake. Akainama kwenye ngazi. Wakati huo chupa zilikuwa zimefika arobaini na tatu. Akazipanga moja moja, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe: Mgahawa, Kinyozi, Cherehani, Mwalimu wa Hesabu, Zahanati, Mjane wa Nyumba ya Bluu. Nyingine zilikuwa zimegeuka nyeusi, na vifuniko vimefutuka. Sanduku la kwanza lilipojaa, Fundi aliweka koleo akaenda kutafuta la pili.

"Shemeji, tafadhali," Dereva alisema. "Zitapasuka njiani. Harufu yake itaua mtu."

"Usifunge madirisha."

Walizipakia nyuma ya gari. Masanduku yalicheza, basi Shemeji akachukua zile kamba mbili za ng'ombe zilizokuwa bado ngazini. Alikuwa ameshamwomba Mama Maziwa, naye alisema chukua. Alizungusha kamba, akakaza, akafunga mafundo ya mtu anayejua kwamba kilichofungwa hakitakiwi kurudi.

"Fomu yangu ni ya chupa sita," Dereva alisema. "Wakiniuliza hizi nyingine niseme nini? Hazina fomu hata moja."

"Hazina fomu," Shemeji alisema, akipangusa mikono. "Zina wenyewe. Majina yao hayo hapo, wasome."